«Almasi ni ya Milele»: Uhakiki wa Sentensi Moja ya Biashara

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya almasi katika karne ya 20 yatia methali hii mashakani, kwa maana hata kizuri kilitembezwa, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1938 kampuni ya De Beers, iliyotawala soko la almasi duniani, ililiendea shirika la matangazo la N. W. Ayer la Marekani ili lifufue mauzo yaliyozorota. Mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa shirika hilo, alitunga sentensi ambayo kwa Kiswahili yaweza kusemwa: «Almasi ni ya milele».

Yafaa kwanza kuitazama sentensi yenyewe. Haina muuzaji wala mnunuzi. Haitaji bei, wala mahali jiwe lilikochimbwa. Haimwamuru mtu kununua. Inaarifu tu, kama wasemavyo watu kwamba maji ni uhai. Umilele unatajwa kuwa sifa ya jiwe, lakini msikilizaji mwenyewe huuhamishia kwenye mapenzi. Kemia yasema vingine: almasi ni kaboni, na Lavoisier alionyesha mwaka 1772 kwamba huungua. Lakini tangazo halikukusudia kufundisha kemia. Lilikusudia kuweka kiunzi ambacho ndani yake jiwe litazamwe kama ahadi.

Tokeo la kibiashara la kiunzi hicho ni kubwa. Kitu cha milele hakiuzwi mara ya pili. Anayeuza pete yake huonekana kama anayeuza kiapo chake. Kwa hiyo mawe mengi hubaki sandukuni, wala hayarudi sokoni kushusha bei. Katika miaka ya 1980 matangazo ya kampuni hiyo yaliwaambia Wamarekani kwamba pete inastahili mshahara wa miezi miwili. Hapo bei ilikoma kuwa bei, ikawa kipimo cha moyo wa mchumba.

Ukiitazama almasi kutoka Kasai, sura hubadilika. Huko almasi iligunduliwa mwaka 1907, na sehemu kubwa ya mawe ya Kongo ni ya viwandani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tangazo lilipokuwa likisifu pete, mawe ya Kongo ya Wabelgiji yalikuwa yakikata na kunoa chuma katika viwanda vya vita. Naye mchimbaji wa mikono wa Mbuji-Mayi hana habari na umilele: jiwe lake hupimwa kwa karati, na thamani yake kwake ni chakula cha leo na karo ya watoto.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapinzani wa biashara hiyo walijibu kwa silaha ileile. Walisema «almasi za damu». Muundo ulikaribia kuwa uleule: nomino, -a unganifu, nomino. Neno «milele» liliondolewa, na pete ikaanza kumtia mvaaji wake haya. Biashara ilitikisika, na Mpango wa Kimberley ukaanza kazi mwaka 2003.

Hata hivyo kiunzi hiki nacho kina mipaka yake. Mpango huo huhesabu kuwa haramu almasi zinazogharamia vita vya waasi dhidi ya serikali halali. Mchimbaji anayefukiwa shimoni wakati wa amani, au anayelipwa ujira usiotosha mlo, yuko nje ya fasili hiyo. Jiwe lake laweza kupata cheti na kuitwa safi. Neno lililokusudiwa kufichua limeacha sehemu ya maovu gizani.

Kwa wanafunzi wa isimu, somo ni kwamba -a unganifu si kiungo kitupu: huamua jambo litazamwe kutoka upande gani. Umilele umetajwa, damu imetajwa. Swali ambalo sarufi ya Kiswahili huruhusu kuulizwa kwa maneno matatu tu, yaani «almasi ya nani?», bado halijapata tangazo lake.