Bei ya Mbofyo na Bei ya Mteja

Anayeijua kazi ya matangazo ya Google hakagui akaunti kwa kuuliza mbofyo mmoja ni shilingi ngapi. Huuliza mteja mmoja amepatikana kwa shilingi ngapi. Mibofyo 500 ya shilingi 200 ikileta wanunuzi 20, kila mnunuzi amegharimu 5,000. Mibofyo 1,000 ya shilingi 100 ikileta wanunuzi 10, kila mmoja amegharimu 10,000. Rahisi huwa ghali.

Pili, tazama kinachohesabiwa. Biashara nyingi za kwetu hukamilika kwa simu au WhatsApp. Akaunti inayohesabu fomu za tovuti peke yake itamfanya mwenye duka akate maneno ya utafutaji yale yale yanayomlisha. Pima simu kwanza, ndipo ukate.

Ufundi wenyewe huonekana kwenye ripoti ya maneno ambayo watu wameandika kweli. Tuseme muuza sola wa Arusha amelipia "paneli za sola" kwa ulinganisho mpana, yaani pamoja na utafutaji unaohusiana tu na maneno hayo. Atakuta amewalipia pia walioandika "kazi za fundi sola", "mafunzo ya sola" na "sola inafanyaje kazi". Fundi hodari huyaweka "kazi" na "mafunzo" kwenye orodha ya maneno ya kuzuia, na ripoti huipitia kila mara. Asiyejua huzuia hata "bei", kumbe anayeuliza bei ndiye aliyekaribia kununua.

Kisha fungua mpangilio wa eneo. Usipouchagua mwenyewe, tangazo huwafikia hata watu walio mbali ambao wanavutiwa tu na eneo lako. Kwa kampuni ya safari za Serengeti hiyo ni riziki. Kwa muuza sola ni hasara.

Mwisho, angalia alama ya ubora, kuanzia 1 hadi 10. Hutokana na matarajio ya kubofywa, tangazo kuendana na kilichotafutwa, na hali ya ukurasa anaofikia mteja. Aliyetafuta paneli ya wati 200 aione paneli hiyo na bei yake, si salamu za mkurugenzi. Tangazo bora laweza kukaa juu ya la mshindani aliyetaja dau kubwa zaidi.

Akija mtu kujigamba kwamba amekupunguzia gharama nusu, mwombe idadi ya wateja wa kipindi hicho hicho. Ikiwa nayo imeshuka nusu, hakuokoa kitu; amekupunguzia biashara.