Mizani Nane, Pumzi Moja

Alasiri nzima ilipita kwenye mshororo mmoja. Tulikuwa Ujiji, chini ya mwembe, wanafunzi wa maigizo wamesimama nusu duara na mwalimu wao ameketi kwenye kigoda. Mshororo aliutunga papo hapo: Mvuvi rudi nyumbani, upepo umegeuka.

Mizani nane kipande cha kwanza, yaani ukwapi, na nane cha pili, yaani utao. Kijana wa kwanza aliusema nami nikaona yuko sawa. Mwalimu akamrudisha: "Umemeza moja." Akasema tena, akarudishwa tena. Mara ya tano ndipo nami niliposikia. Ile m ya mvuvi ni silabi kamili, inataka midomo ifungwe na sauti ipite puani kabla ya kufika kwenye vu. Kijana alikuwa akiiruka, ukwapi ukabaki na mizani saba. Lakini m iliyomo ndani ya nyumbani haihesabiwi, imeshikana na b. Herufi ni ileile, na jicho halioni tofauti. Ulimi ndio unaoijua. Kwenye umegeuka nako e na u zilikuwa zikiyeyuka pamoja, na mizani nyingine ikapotea. Wengi wa wanafunzi wale wamekulia katika Kiha, lugha ambamo urefu wa irabu hubadili maana ya neno. Masikio makali wanayo. Mwalimu aliyaamsha tu, bila kupandisha sauti hata mara moja.

Somo lao ni ngonjera, na sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Mathias Mnyampala ndiye aliyeipa ngonjera umbo tulilolizoea, watu wakijibizana kwa ubeti wenye vina na mizani. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake, Ngonjera za UKUTA, vilivyobeba jina la chama cha Kiswahili na ushairi, vikaanza kutoka mwaka uliofuata. Kizazi cha baada ya Azimio la Arusha kilizikariri ngonjera hizo shuleni, kikapanga mistari mbele ya wageni na kuzitamka kwa sauti moja ya gwaride. Hapo ndipo zilipoharibika, kwa maoni yangu, maana ngonjera ni maigizo na watoto walifanywa kwaya.

Mwalimu huyu anairudisha kwenye maigizo, na ugumu wake wa kwanza ni mahadhi. Ujiji ni mji wa madrasa na maulidi. Mtoto wa pale amezoea tangu utotoni kuvuta irabu, kutunza pumzi na kujua mahali pa kusimama. Ni hazina kubwa, ila inamfanya kila ubeti aughani. Sauti inapanda palepale, inashuka palepale, kina kikifika kinapigwa kama ngoma, na anayebishana na baba yake anasikika sawa na anayembembeleza mchumba. Dawa ya mwalimu ni ya polepole. Kwanza waghani mpaka mizani iwe imeingia mwilini. Kisha wauseme ubeti uleule kana kwamba wanamwita mtu aliye kwenye mtumbwi, halafu kana kwamba mtu huyo amekaa karibu nao na amekasirika. Vina vinabaki, lakini sasa vinasikika kwa mbali, kama mawimbi nyuma ya nyumba.

Jambo la pili ndilo lililonifunga pale hadi jua likakaribia milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Katika ngonjera nyingi yuko mjuzi na yuko mkaidi, na mwisho mkaidi hukubali. Waigizaji wavivu humfanya mkaidi mjinga. Msichana aliyepewa nafasi hiyo aliambiwa aitafute haki ya mhusika wake, aitetee mpaka mjuzi apate shida ya kumjibu. Na mwenzake anaposema beti zake, asingoje zamu. Azisikilize, jibu lizaliwe humo. Aliposema ubeti wake safari ya mwisho, mjuzi alichelewa kujibu, na kuchelewa kule kulikuwa kwa kweli.

Wakishaiva, huwapeleka kwa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, akairudia upya mwaka 1969. Humo vina havipo. Antoni anasimama peke yake juu ya maiti ya rafiki yake, mbele ya umati ambao Bruto ameshauteka, na hakuna kina cha mwisho cha kumwambia mwigizaji apumzike wapi. Pumzi lazima ifuate fikra. Mwanafunzi aliyeanzia hapo huzama katika maneno marefu akapiga kelele. Aliyepitia mizani nane anajua wazo linaishia wapi, na anathubutu kunyamaza.

Kama una ngonjera za zamani kabatini, zitoe. Mtafute mwenzio, gawaneni beti, na anayepewa mkaidi amtetee kwa dhati.