WCF na Kosa la Kuvunjavunja Faili la WSDL

Kosa kubwa la WCF, yaani mfumo wa kuundia huduma za wavuti ambao Microsoft iliutoa mwaka 2006 pamoja na .NET 3.0, halikuwa katika usalama wala miamala, ambako kazi ilifanyika vizuri, bali katika uamuzi wa kulivunjavunja faili la WSDL. Faili hilo ndilo mkataba unaoiarifu programu ya mteja kuhusu operesheni zilizopo, muundo wa jumbe na anwani ya huduma. WCF hulizalisha yenyewe, lakini badala ya waraka mmoja uliokamilika hutoa waraka unaomtuma msomaji kwingine. Skima, yaani ufafanuzi wa aina za data, huwekwa katika anwani za pembeni, xsd0, xsd1 na kuendelea, hata pale huduma inapokuwa na operesheni moja tu. Na mtayarishaji akibadili eneo la majina (namespace) la mkataba wa huduma bila kubadili lile la baindingi, yaani maelezo ya namna ya kuwasiliana na huduma, WSDL yenyewe hugawanyika, kipande kimoja kikibaki na tempuri.org, lile jina la muda ambalo halijapata kuona haya kuingia katika huduma za taasisi kubwa.

Mgawanyo huo ni halali, kwa kuwa WSDL 1.1 ya mwaka 2001 inaruhusu waraka kuagiza mwingine, lakini uhalali haukuzifaa maktaba za zamani zilizosoma waraka wa kwanza na kuishia hapo. Aliyetaka WCF yenyewe izalishe faili moja alilazimika kuandika klasi inayotekeleza IWsdlExportExtension, kisha ndani ya ExportEndpoint azikusanye skima zote, afute maagizo yanayozielekeza nje, azipachike katika sehemu ya types, na hatimaye aiambatishe klasi hiyo na huduma. Kazi yote hiyo ilikuwa ya kurudisha kile ambacho ASMX, mfumo wa Microsoft wa huduma za wavuti wa mwaka 2002 uliotangulia WCF, iliyobezwa kuwa imepitwa na wakati, ilikitoa bila kuombwa. Upande wa Java, Axis, maktaba ya Apache ya huduma za wavuti, ilimwachia mwenye huduma atoe WSDL yake mwenyewe kupitia kipengele cha wsdlFile; WCF nayo ina externalMetadataLocation kwa shughuli hiyo, na hapo inastahili sifa.

Faili moja lilirejea katika .NET 4.5, mwaka 2012, kwa anwani ya ?singleWsdl, huku ile ya ?wsdl ikiachwa itoe vipande kama zamani.