Kopo Lenye Tundu

Kazi yangu ni kusubiri. Wengine huiita uwakala wa mizigo, lakini aliyewahi kufuata saruji kutoka Mombasa, ikapita Malaba, ikaingia Nimule na kumaliza zile kilomita 192 za lami hadi Juba, anajua kwamba nusu ya ujira wetu ni wa kukaa. Bandari ya Juba ndipo barabara inapoukabidhi mto mzigo. Kusini ya hapa maporomoko hayaruhusu chombo. Kuelekea kaskazini matishari hushuka na Nile Nyeupe, yakapita Bor na vinamasi vya Sudd, hadi Malakal na Renk. Tishari langu mimi lilikuwa la “kesho” kwa siku tisa.

Siku ya tatu nilikihamisha kiti changu cha plastiki kutoka kwa mama chai hadi chini ya mwembe, karibu na darasa la chekechea: chumba cha mabati, turubai, mikeka, watoto arobaini na ushei. Ni watoto wa makuli, wa wauza samaki, wa wapika chai. Wachache walikuja baada ya vita vya Sudan kuanza Aprili 2023, wakapitia Renk, kwa hiyo tishari wanalijua kutoka ndani kuliko mimi. Nyumbani huyu husema Kibari, yule Kidinka, mwingine Kinuer. Wakikutana mkekani ni Kiarabu cha Juba. Mwalimu wao alikulia kambi ya Kakuma, nchini Kenya. Kiswahili chake ni cha kule, cha haraka na kisichojali sana ngeli. Kwa Kiswahili hicho alinikaribisha: “Kaa tu, mzee. Lakini usiwachekeshe.”

Asubuhi huchuchumaa mlangoni. Hasimami, huchuchumaa, macho yake yakawa sawa na macho ya anayeingia. Kila mtoto humpa salamu anayoitaka: mkono, paji la uso, au kupungiwa kwa mbali. Nilidhani ni mbwembwe. Siku ya tano nikagundua kwamba pale mlangoni anapima. Aliyezoea kumrukia na leo anapunga kwa mbali hupewa nafasi ya kukaa karibu naye, bila kuulizwa kitu mbele za watu.

Sisi wenye Kiswahili tuna utajiri mkubwa wa maneno ya moyo wa mtoto: kununa, kususa, kudeka, kuona donge, kuona haya. Tatizo ni kwamba tunayatumia kumsema mtoto, hatumpi ayatumie mwenyewe. Mwalimu huyu humpa. Mtoto akipiga mateke mkeka, husogea, hukaa chini, hungoja. Kisha husema neno moja la Kiarabu cha Juba, zalan, umekasirika, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la samaki aliye ndani ya kikapu. Hakemei, hafariji. Mtoto akikataa neno hilo, hutafuta jingine. Nilimwona akijaribu maneno matatu kwa msichana mmoja mpaka likapatikana linalofaa, na kilio kikapungua wakati huohuo, kama tanga lililolegezwa kamba.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kule kungoja. Mtoto anayelia kwa kudeka humwacha, akaendelea kukata maboksi huku akimtupia jicho. Anayelia kwa hofu humfikia kabla sauti haijapanda. Kwangu vilio hivyo vilikuwa kimoja. Nilipomuuliza anavitofautishaje, alicheka. “Angalia mabega, mzee.” Nikaangalia mabega siku nzima na sikuona kitu.

Mchezo unaopendwa hapo ni bandari, bila shaka. Dumu la plastiki lililokatwa ubavu ndilo tishari. Hupakiwa mchanga, huburutwa kwa kamba hadi Malakal, ambayo ni kona ya ukuta. Dumu ni moja, manahodha ni wengi. Ngumi zilipoanza, mwalimu alileta kopo la maziwa lenye tundu chini, akalitundika, akalijaza maji. Likiisha kudondoka, chombo kinabadilisha nahodha. Ndiyo sheria yote. Lakini kopo halifanyi kazi lenyewe. Lilipokauka mara ya kwanza alikuwa akizungumza na mzazi. Alimkatiza mzazi, akaenda kumkabidhi dumu mtoto aliyekuwa kwenye zamu. Mzazi alinuna. Mimi, niliyeahidiwa “kesho” mara tano, nilitamani kusimama nimpigie makofi.

Kuna jaribio maarufu la Walter Mischel wa Stanford: mtoto anapewa peremende, anaambiwa akivumilia atapata mbili. Wengi walilichukulia kuwa kipimo cha uwezo wa mtoto kujizuia. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Rochester walilirudia kwa watoto 28, wakitanguliza jambo dogo: nusu yao waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea wakavipata, nusu wakaahidiwa na kuombwa radhi mikono mitupu. Waliotimiziwa walivumilia dakika 12 kwa wastani; waliodanganywa, dakika 3 tu. Hawa wa pili hawakuwa na pupa. Walikuwa wamepiga hesabu. Watoto wa bandari hii, ambao wameshaambiwa “tutarudi nyumbani karibuni” katika miji mitatu tofauti, wanaijua hesabu hiyo. Ndiyo maana mwalimu huahidi vitu vidogo mno, vya ukubwa wa kopo, akavitimiza hadi vinachosha.

Dada yangu mdogo alifundisha katika chekechea za madrasa zilizoanzia Mombasa mwaka 1986 chini ya Bi Swafiya Said, zikaenea Zanzibar na Uganda kwa msaada wa Aga Khan. Nyumba yetu ilijaa vifuu na vizibo vya soda, na mimi nikimuuliza lini atafundisha kitu cha maana. Wazazi wa Juba nao huuliza hivyo: daftari liko wapi, a-e-i-o-u ziko wapi? Zipo, huimbwa kila siku. Ila hakuna daftari la kuandikia kwamba leo fulani hakumng’ata mwenzake.

Hafaulu kila mara. Yupo mvulana mwenye fulana ya kijani ambaye kwa siku zote nilizokaa pale hakumpa salamu yoyote, na mchana mmoja wa joto mwalimu alimpandishia sauti. Alasiri alichuchumaa mbele yake, akasema malesh, samahani, darasa zima likisikia. Mvulana alitazama pembeni.

Siku ya tisa, tishari langu likipakiwa hatimaye, nilimwona huyo wa kijani nyuma ya chumba akiwa na msumari. Alikuwa anapanua tundu la kopo, zamu ifike upesi. Mwalimu naye alimwona. Alisimama muda mrefu, nadhani akiangalia mabega. Kisha akafinyanga udongo, akampa azibe ziada, na kumkabidhi ndoo: kuanzia leo wewe ndiye mjaza kopo. Nilipokwenda kuaga nilipita kati ya mvulana na kopo, nikalikinga. Alinisukuma kando kwa viganja vyote viwili, bila kunitazama, akaendelea kuhesabu matone.