Mikono Inayosoma Mafuta

Kabla ya kushika sindano, muuguzi anagusa tumbo. Mgonjwa wa sukari anapokuja kituo cha afya mjini Butembo kujifunza kujidunga insulini, muuguzi mzoefu humpapasa taratibu kuzunguka kitovu akitafuta vivimbe. "Papa, unajichomaga hapa tu kila siku?" Sindano ikirudiwa mahali pamoja, mafuta ya chini ya ngozi hukakamaa na dawa huingia damuni ovyo. Anahamia upande wa pili.

Kichupa cha insulini nyeupe hakitikiswi. Anakivingirisha kati ya viganja mpaka unga uliotuama uchanganyike sawasawa. Anapangusa kizibo cha mpira kwa spiriti, anasukuma ndani hewa inayolingana na dozi, anakipindua, anavuta. Viputo vya hewa vikitokea, anagonga bomba kwa ukucha, anavirudisha kichupani. Kisha anainua bomba usawa wa jicho, kwa kuwa mililita moja imebeba yuniti 100 na mstari mmoja si jambo dogo.

Anabana ngozi, anadunga, anahesabu hadi kumi, anachomoa. Mafuta hayo aliyoyabana ni tezi inayofanya kazi usiku na mchana. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman, New York, ilitangaza jeni ya leptini, homoni ambayo seli za mafuta hutuma ubongoni kueleza akiba iliyobaki. Nyingine, adiponektini, husaidia ini na misuli kuitii insulini. Ajabu ni kwamba mafuta yakizidi, hasa yanayozunguka matumbo na ini, adiponektini hupungua, kemikali za uvimbe huongezeka, na kongosho hulazimika kumwaga insulini zaidi na zaidi hadi lichoke. Lakini hata anayezaliwa bila mafuta hupata sukari kali, na leptini ya dawa humsaidia kuishusha.

Kwa kuwa muhimu si wingi wa mafuta tu bali pia mahali yalipo, mizani peke yake haimtoshi muuguzi. Anazungusha utepe wa fundi cherehani kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, anangoja pumzi itoke, ndipo anasoma.

Kwa anayeteremka Beni, kwenye joto zaidi kuliko Butembo, anaongeza somo la kupoza insulini kwa vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine: mchanga wenye maji katikati, kichupa ndani, kitambaa kibichi juu. Mwisho anampa mgonjwa bomba na maji safi ajaribu mwenyewe. Akipitisha mstari, wanarudia tangu kwenye spiriti.