Kitabu cha Kwenda Nacho Dunguni

Katika delta ya Rufiji ratiba ya shule ina washindani wawili wakongwe: maji na mpunga. Kujaa na kupwa kwa maji ndiko kunakoamua mtumbwi utoke saa ngapi, na msimu wa mpunga ukifika kaya nyingi huhamia mashambani, zikakaa dunguni, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kulinda mavuno dhidi ya ndege na nguruwe. Mtoto wa miaka mitano huenda na wazazi wake. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yalileta kwa kishindo jambo ambalo watoto wa huku wanalijua kwa kiasi kidogo karibu kila masika, yaani darasa kukatika katikati. Kwa sababu hiyo, kumzoesha mtoto wa darasa la awali kusoma peke yake hakupaswi kuhesabiwa kuwa pambo la shule za mjini zenye zulia na rafu za rangi. Mazoea ya kukaa na kitabu bila kusimamiwa ndiyo sehemu ya elimu ya awali inayoweza kupanda mtumbwi pamoja na mtoto. Hoja yangu ni kwamba mazoea hayo yaanze kujengwa wiki za mwanzo za mwaka, mtoto akiwa bado hajazimaliza herufi.

Mtaala hauzuii jambo hili. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliweka kona za ujifunzaji darasani, na kona ya vitabu inaingia humo bila shida. Tatizo liko kwenye mpangilio wa kazi. Kitabu kikitundikwa ukutani bila kusomwa kwanza kwa sauti, kwa mtoto ni bubu: atakifunua, ataona picha mbili tatu, atakiacha. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: mwalimu husoma hadithi moja fupi kwa sauti siku kadhaa mfululizo, ileile, mpaka watoto waanze kumtangulia kwenye kiitikio. Hapo ndipo kitabu huwekwa kikapuni, mahali mkono wa mtoto unapofika, na muda maalumu hutengwa kila siku kwa saa ileile, dakika tano mwanzoni, kumi baadaye. Wakati huo mwalimu haulizi maswali. Sehemu ya kuweka na kurudisha vitabu ina mfano mzuri pwani hiihii. Mpango wa madrasa za awali uliofadhiliwa na Wakfu wa Aga Khan ulianzia Mombasa miaka ya 1980, mwalimu wake wa mwanzo akiwa Bi Swafiya Said, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Madarasa yake yalipanga vifaa vilivyotengenezwa kwa malighafi za papo hapo, mtoto akachagua mwenyewe, akatumia, akarudisha. Anayechagua na kurudisha mwenyewe huanza kukiona kifaa kuwa ni cha kwake, na bila hisia hiyo hakuna mazoea yatakayodumu.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili jibu refu: mtoto asiyejua herufi anasomaje? Si anaigiza tu? Kweli, mwanzoni anaigiza, na kuigiza huko kuna hatua zake. Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Elizabeth Sulzby, alichapisha uchunguzi wa watoto wa chekechea waliopewa vitabu wanavyovipenda na kuombwa wavisome. Alionyesha kwamba mtoto huanza kwa kutaja picha, kisha husimulia kama mtu anayezungumza, baadaye sauti yake hugeuka ikafanana na ya msomaji, na mwisho macho huhama kutoka kwenye picha kwenda kwenye maandishi. Kwa Kiswahili hatua hiyo ya mwisho inaonekana waziwazi kidoleni. Chukua sentensi «Kuku amekwenda sokoni», ambayo mtoto ameisikia mara nyingi hadi ameikariri. Anaweka kidole kwenye neno la kwanza akitamka «ku», anaruka la pili akitamka «ku» tena, anafika la tatu akitamka «a». Maneno yamekwisha, na mdomoni bado kuna silabi sita. Anasimama, anarudi mwanzo, anajaribu upya. Sekunde hizo za kukwama zina thamani kubwa, kwa sababu hapo mtoto anagundua kwamba alama zile zimefungamana na sauti kwa utaratibu, wala hazifuati tu mdomo unavyokwenda. Ugunduzi huu humjia akiwa na kitabu mkononi na muda wa kurudia. Darasa zima likiitikia «ba be bi bo bu» kwa pamoja, mtoto aliyepotea hujificha ndani ya sauti za wenzake.

Kibiti, wilaya ambamo delta hii imo, ina faida moja kubwa hapa. Watoto wengi wa Wandengereko na Wanyagatwa wanakua na Kiswahili nyumbani, tofauti na sehemu za bara ambako mtoto hukutana nacho darasani. Maneno ya hadithi anayo tayari, na silabi za Kiswahili zinasomeka zilivyoandikwa. Umbali kati ya kukariri na kusoma ni mfupi kwake kuliko kwa mtoto wa Kiingereza aliyechunguzwa na Sulzby.

Wapo watakaosema dakika kumi hizo zinaibwa kutoka kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka wa shule una siku 194; dakika kumi kwa siku ni saa 32 na kidogo, muda mchache kwa mwaka mzima. Na historia yetu inaonya upande wa pili. Kampeni ya elimu ya watu wazima iliwatoa Watanzania kwenye ujinga wa kusoma wa takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kwa hesabu za serikali. Sensa ya 2002 ilikuta karibu thuluthi ya watu hawajui kusoma na kuandika. Sababu ni nyingi, ukiwemo msukosuko wa uchumi na kushuka kwa uandikishaji shuleni, lakini mojawapo ni kwamba aliyejifunza herufi akakosa cha kusoma hurudi alikotoka. Huko Fiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Elley na Mangubhai walipeleka vitabu vingi vya hadithi kwenye shule za vijijini, na watoto waliovipata wakawapita mbali wenzao kwa maendeleo ya kusoma. Wale walikuwa wakubwa kuliko wa awali, na lugha ilikuwa Kiingereza, kwa hiyo ushahidi huu usitandazwe kupita kiasi. Unachothibitisha ni kwamba wingi wa kusoma wenyewe unafundisha.

Msongamano ni kweli. Mwongozo unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi ya serikali yako mbali na hapo. Lakini watoto 60 wakikaa wawili wawili mkekani wanahitaji vitabu 30, na nusu yao wakiwa na vitabu mwalimu anapata nafasi ya kuwashika mkono wengine. Vitabu vinaweza kuwa vya kurasa nane, vilivyochapwa kutoka hadithi za leseni huria kama zile za African Storybook na kushonwa kwa uzi. Kuhusu kuchanika, mtoto afundishwe kufunua ukurasa kwa pembe ya juu, na karatasi zikining'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, unyevu wa mikokoni hautaziozesha upesi. Vitabu vilivyofungiwa kabatini visichakae vimeshapotea, maana hakuna anayevisoma.

Kwa hiyo, walimu wakuu na kamati za shule za Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni na Salale, pamoja na shule shikizi zote za delta: kabati lifunguliwe wiki ya kwanza ya Januari, na familia zinapoanza kuhamia mashambani, kila mtoto wa awali apewe vitabu viwili alivyokwisha kusomewa, ndani ya mfuko wa nailoni, aende navyo dunguni.