Kenge Mzee wa Muleba: Joto Kwanza, Chakula Baadaye

Kenge jike aliyelelewa miaka mingi kwenye ua wa familia moja wilayani Muleba sasa anaishi Bukoba mjini, kwa muuguzi mstaafu ambaye kabla ya hapo hakuwahi kufuga kiumbe chochote chenye magamba. Umri wake haukuandikwa popote. Familia iliyomlea inakumbuka tu kwamba aliletwa kutoka ufukweni akiwa kinda, mwaka ambao mtoto wao wa kwanza alianza darasa la kwanza, na mtoto huyo amekwisha kumaliza kidato cha sita. Kwa kenge, huo ni uzee. Nimeifuatilia kazi ya muuguzi huyu kwa karibu, nami naichambua hapa kwa sababu alifaulu mahali ambapo wafugaji wengi wapya hushindwa: alishughulikia joto kabla ya chakula.

Kabla ya yote alitafuta kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata wala kukaa na mnyamapori bila ruhusa, na kenge ni mnyamapori hata kama amekulia nyuma ya jiko lako. Kwa hiyo safari ilianzia kwa ofisa wanyamapori, na mnyama akafuata. Swali lililoulizwa hapo lilikuwa la haki kabisa: ziwa liko karibu, kwa nini asirudishwe majini?

Jibu liko jirani, kusini mwa Muleba, katika Kisiwa cha Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya waliachiwa huru kisiwani humo kwa juhudi za mhifadhi Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Walizaliana, na vizazi vyao vipo mpaka leo. Lakini madume wawili kati yao, waliokwisha kupoteza woga wa binadamu, walishambulia watu na wakapigwa risasi. Rubondo ilikuwa na msitu mkubwa usio na vijiji. Kenge aliyezoea kuletewa samaki na watu, akiachiwa ufukweni Bukoba, atafuata harufu ya jiko la kwanza atakaloliona, na wenye kuku watampokea kwa mapanga. Uamuzi wa kumwacha aishi siku zake zilizobaki chini ya uangalizi ulikuwa sahihi.

Kutoka Muleba hadi Bukoba ni kama kilometa 70. Alinyimwa chakula siku chache kabla ya safari ili asitapike njiani, akafungwa kwenye gunia safi ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, akasafirishwa jioni jua likiwa limepoa. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilianza baada ya kufika: alilala kona moja, macho nusu yamefumba, akakataa samaki. Majirani wakashauri afunguliwe mdomo alishwe kwa nguvu. Muuguzi akakataa kwa sentensi ambayo ningependa kila anayeanza kufuga aishike: “Huyu bibi hana njaa, ana baridi.”

Mtambaazi hatengenezi joto la kutosha mwilini mwake. Hulichota kwenye jua na mawe, na bila joto hilo vimeng’enya vya tumboni havifanyi kazi. Nyama iliyomezwa na kenge aliyepoa huoza humo ndani. Kumlisha kwa nguvu kungeweza kumuua, na wote wangesema alikufa kwa uzee.

Bukoba ina shida yake hapa. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,150, hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na joto la mchana kwa kawaida halizidi sana nyuzi 26. Ua wa Muleba alikotoka ulikuwa upande wa bara, ambako mvua ni chache kuliko mwambao na jua hutoka mapema. Mwambao wa Bukoba una tabia nyingine: usiku mawingu hujikusanya juu ya ziwa, na alfajiri husukumwa magharibi, ndiyo maana mvua nyingi hapa hunyesha asubuhi. Mazoea ya wafugaji ni kuelekeza banda mashariki ili mnyama apate jua la kwanza. Muuguzi alifanya hivyo pia, kisha akaweka kipimajoto bandani na kuandika kwenye daftari, kama alivyozoea wodini. Daftari likaonyesha nyuzi 19 asubuhi nyingi. Jua la maana lilifika kuanzia saa tano mchana hadi saa tisa hivi. Akaligeuza banda lipate jua hilo.

Mahali pa kuotea jua alipajenga kwa jiwe bapa la mchanga, aina ile ile inayoonekana kwenye magenge ya Bukoba, likainuliwa juu ya matofali. Juu ya jiwe pakawa pa moto, chini yake pakawa na kivuli, na kati ya hapo mnyama akachagua mwenyewe. Uhuru huo wa kuchagua ndio moyo wa banda lolote la mtambaazi. Bati halikutumika: hushika moto ghafla na huunguza ngozi ya tumbo, na kenge mzee mwenye misuli dhaifu huchelewa kuondoka. Wala hakuezeka bati la plastiki linalopitisha mwanga. Plastiki hiyo, kama kioo, hupitisha mwanga wa kuonekana huku ikizuia sehemu kubwa ya mionzi ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo, madini ya chokaa yaliyoliwa hayaingii kwenye mifupa. Taya hulainika, miguu hupinda. Alitumia wavu wa waya juu ya sehemu ya jua na nyasi juu ya sehemu ya kulala.

Usiku iliwashwa balbu ya kulelea vifaranga, ikazungushiwa wavu ili asiikumbatie. Umeme ukikatika, madumu ya maji moto yaliyofungwa kwa gunia yaliwekwa pembeni. Jiko la mkaa lilikataliwa kwa sababu ya moshi na hewa yake ya sumu.

Joto lilipokaa sawa, kenge alianza kutambaa na kutoa ulimi. Ndipo chakula kikafika. Alikotoka alilishwa mapanki na mabaki ya nyama karibu kila siku, akanenepa kiunoni huku shina la mkia likikonda. Hiyo ni picha ya mnyama aliyelishwa mno na kulishwa vibaya. Nyama nyingi yenye mafuta, pamoja na maji machache, huchosha figo na kuleta jongo. Muuguzi alipunguza milo ikawa mmoja au miwili kwa wiki, akaifanya midogo, na akaibadilisha: konokono pamoja na maganda yao, kaa, dagaa wazima, yai mara chache. Konokono walikuwa chaguo la busara. Kenge mchanga ana meno makali, lakini akikua meno ya nyuma huwa butu na manene, ya kusagia maganda. Kwa vile taya la huyu lilikuwa limechoka, maganda yalipondwa kwanza. Unga wa maganda ya mayai ukanyunyizwa juu ya nyama isiyo na mfupa.

Msimu wa senene ulipofika, nyumba nzima ilitaka kumwonjesha. Alipewa wachache, wabichi, waliotolewa mabawa. Waliokaangwa kwa chumvi na kitunguu walibaki kwa watu. Wadudu kutoka mashamba yaliyopuliziwa dawa walikatazwa, na panya pia, kwani hakuna ajuaye panya wa mjini amekula sumu gani.

Maji yalikuwa kwenye karai kubwa la kutosha kuzamisha mwili, yakibadilishwa kila siku kwa sababu kenge hujisaidia humo. Maji ya uvuguvugu yalisaidia kulegeza ngozi kavu iliyobana vidole na ncha ya mkia. Ikiachwa, huzuia damu na kidole hufa. Karai halikuingia jikoni, mikono ilioshwa kwa sabuni, na wajukuu wadogo waliangalia kwa mbali. Watambaazi hubeba salmonela, na kenge hata akiwa mzee ana kucha, meno na mkia unaochapa.

Kipimo kilichonifurahisha zaidi ni mizani ya kuning’iniza. Kenge alipimwa ndani ya gunia, uzito ukaandikwa. Jicho hudanganywa na tumbo lililojaa, mizani haidanganywi. Kuhusu dawa, mganga wa mifugo alishauriwa, lakini sindano ya minyoo ya ng’ombe haikuguswa. Aivamektini, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kuua kobe, na kipimo cha ng’ombe hakihamishwi tu kwa mtambaazi.

Kisa hiki si cha kenge peke yake: katika kisiwa cha Mtakatifu Helena yuko Jonathan, kobe anayekadiriwa kuzaliwa mnamo 1832. Jonathan haoni wala hasikii harufu. Mganga wa wanyama Joe Hollins alipoanza kumlisha kwa mkono matunda na mboga, mdomo wake uliokuwa ukimeguka ukawa imara tena. Kumbe kilichoitwa uzee kilikuwa lishe duni. Kenge wa Bukoba naye shina la mkia limejaa tena, na anapanda jiwe bila kusaidiwa, ingawa jicho moja lina ukungu usiotoka.

Usimchukue kenge ziwani. Akikufikia mzee aliyekwisha kulelewa na watu, nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya yako, kisha nunua kipimajoto kabla hujanunua samaki.